Koti la Mzee Mwinjuma, kovu langu, na picha iliyonipa kazi ya uigizaji Morogoro

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, naondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi, kwa hiyo kama nimeuweka pasipo pake, mods wauhamishe. Sitanuna.

Juzi kuna binti aliuliza humu kama mwigizaji wa Bongo anahitaji headshot, ile picha ya uso ya kuombea kazi, kweli au ni mambo ya kuiga tu. Wengi mlimcheka. Mimi sikucheka. Nilikaa na lile swali siku mbili, mwisho nikafungua sanduku nikatoa daftari zangu.

Nina tabia ya kuandika daftari tangu nimalize la saba. Siyo mambo makubwa. "Leo mvua. Leo nimegombana na Rehema, kosa langu." Hivyo hivyo. Basi mengi nitakayosema yametoka humo. Pale ambapo daftari limenyamaza na mimi sikumbuki, nitawaambia sikumbuki.

Uandishi wangu mtauvumilia.

Hii ni miaka ya tisini, katikati. Enzi za ruksa, za biashara huria, zimekolea, maduka yamejaa, mitumba imefika mpaka milimani. Upande mwingine viwanda vya serikali vinauzwa kimoja kimoja. TV za watu binafsi ndiyo zimeanza, na pale Morogoro mwenye TV alikuwa anajaza majirani sebuleni mpaka anakosa pa kukaa yeye mwenyewe.

Nilikuwa kiwanda cha nguo. Sitakitaja. Nilisimamia mashine za kufumia.

Vijana hamjui, lakini viwanda wakati ule vilikuwa na vikundi vya sanaa. Ngoma, kwaya, maigizo. Mgeni akija, wageni rasmi wakija, tunatolewa kwenye mashine tunakwenda kucheza. Mimi nilikuwa maigizo.

Kusema haki sikuwa nyota. Nyota alikuwa Rehema. Rehema akisimama jukwaani hata kama hajasema neno, watu wanaacha kutafuna karanga. Mimi nilikuwa yule anayepewa kuwa shangazi, jirani mbeya, muuguzi mkali. Nilizipenda hizo nafasi, lakini nilijua kwa nini napewa.

Nina kovu. Lilianza kabla sijawa mwigizaji hata wa kiwanda. Kwenye mashine ya kufumia kuna kile kipande cha mti kinachobeba uzi kwenda na kurudi kwa kasi. Siku moja kiliruka nje kikanipasua shavu la kushoto, kutoka karibu na sikio mpaka pembeni ya mdomo. Msimamizi wangu ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka zahanati, sitasahau wema wake. Lakini kovu likabaki, na nikicheka linavuta mdomo upande mmoja.

Kisha tukapunguzwa.

Karatasi ilibandikwa getini asubuhi. Ukikuta jina lako, unarudi nyumbani. Nililikuta langu. Wote wa maigizo tulikuwemo, isipokuwa mmoja, na yeye aliomba kutoka baada ya mwezi kwa aibu ya kubaki.

Kiongozi wetu wa kikundi alikuwa fundi mitambo, jina lake Damiani. Akatuita uani kwake Mwembesongo, jirani na mashine ya kusaga. Akasema, "Kiwanda kimetuacha, mchezo haujatuacha. Nani anabaki?"

Tukabaki tisa.

Mazoezi yetu yote tuliyafanyia pale, huku mashine ya kusaga inanguruma. Ndiyo maana mpaka leo mafundi wa sauti wananiambia, "Mama, punguza."

Sasa niwaeleze kilichokuwa kinanisubiri upande wa pili.

Kwetu ni juu, Uluguru, upande wa Kinole. Wasiotujua Waluguru: ardhi yetu inapita upande wa mama, na msemaji wa mambo hayo ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa amenitengea kipande cha shamba, kizuri, chenye migomba tayari na maji ya kijito. Aliposikia nimepunguzwa alishuka mpaka mjini kwa miguu na gari, akanikuta mazoezini. Nilikuwa nimelala chini nimekufa. Kwenye mchezo, maana yake.

Alisubiri nifufuke. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba. Sasa Vero, hii ndiyo unayoiita kazi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hii siyo kazi. Huku ni kucheza. Nakungoja mpaka vuli. Mvua ikianza kama hujapanda chochote, shamba nampa mdogo wako Yasinta. Siwezi kuliacha liwe pori mtu mzima akijilaza vumbini."

Wakuu, msimwone mbaya. Nimefikiria sana hili. Alikuwa na wapwa sita wa kugawia na ardhi yenyewe finyu, kule milimani mtu analima mahali ambapo mbuzi anapita kwa kufikiri. Angeninyima bila kunipa muda. Alinipa muda.

Na mimi nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina mume, sina cheti. Nikikosa shamba na nikakosa kazi, nimebaki na nini? Usiku ule daftari limeandikwa mstari mmoja: "Labda mjomba ana haki."

Wiki chache baadaye Damiani akaja anakimbia. Afisa Utamaduni kapokea barua kutoka Dar. Kampuni moja inatengeneza mchezo wa kuigiza wa video, wanataka waigizaji wa Morogoro kwa sababu utapigwa picha huku huku. Habari yake: mwanamke anashuka mlimani kumtafuta mumewe kiwandani. Mume kapunguzwa zamani, kaona aibu kurudi nyumbani, anajificha mjini.

Tuliposikia hivyo kila mtu akanyamaza. Hata mashine ya kusaga ni kama ilipumzika, ingawa hapo nadhani ni kichwa changu kinapamba.

Barua ilisema kila anayetaka apeleke picha moja ya uso. Nyuma ya picha aandike jina, umri, urefu na mambo anayoweza kufanya.

Picha ya uso. Sisi tukajua ni ile ya pasipoti. Tungejua nyingine ipi?

Basi tisa wote tukaenda kwa Mzee Mwinjuma.

Mzee Mwinjuma alikuwa na studio karibu na soko kuu. Kila mtu wa Morogoro wa rika langu ana picha yake ukutani: harusi, kipaimara, maulidi, mtoto wa siku arobaini. Mtu safi, kanzu imepigwa pasi, hapendi haraka. Na alikuwa na koti.

Koti lilikuwa la bluu iliyoiva, linaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Ukija kupiga picha ya uso, unavaa koti la studio. Huulizwi. Mwanamume anaongezewa tai. Likiwa kubwa, mzee analibana mgongoni kwa vibanio vya kuanikia nguo, mbele unaonekana mkurugenzi, nyuma unaonekana kamba ya nguo.

Tukapanga foleni. Anavaa huyu, anavua, anavaa yule. Lilipofika kwangu lilikuwa na joto la watu saba.

"Kaa wima. Masikio yote mawili nayataka. Usicheke."

"Sicheki, mzee."

"Unacheka kwa macho. Acha."

Nikaacha.

Tulipozifuata picha baada ya siku tatu, yangu alinipa mwisho, kwa heshima, kama mtu anayetoa zawadi. Nikaitazama.

Kovu hakuna.

Mzee alikuwa na ufundi wa kusafisha sura. Anachukua filamu yenyewe, anaiweka juu ya kioo chenye mwanga, anaipapasa kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Chunusi inaondoka, mkunjo unaondoka. Mimi aliniondolea miaka kama minane na ajali moja ya kiwandani.

"Nimekusaidia, binti," akasema.

Wakuu, nisiwadanganye nikajifanya mjanja. Nilifurahi mpaka nikampigia magoti kumshukuru. Nilitembea soko zima na ile bahasha naifungua naifunga. Nilikuwa sijaiona hiyo sura tangu ajali. Rehema aliitazama akasema, "Vero, huyu anaolewa kesho." Hakusema kwa ubaya.

Tukatuma zote tisa.

Jibu likaja: wanaitwa wawili, Rehema na mimi. Mimi naitwa kwa nafasi ya bi harusi mdogo wa mjini, yule ambaye mume anamwoa huko alikojificha.

Ngojeni niepue ugali, narudi.

Nimerudi.

Tulipanda basi la Dar pale Msamvu alfajiri, Rehema na mimi, tumevaa vizuri. Njia nzima nimeshika shavu. Rehema akaniuliza, "Jino?" Nikasema ndiyo. Hapo nilisema uongo, naukiri.

Ofisini kwao kulikuwa na katibu muhtasi, dada mmoja mkavu. Ameshika picha zetu mkononi. Akamwangalia Rehema, akaangalia picha, akamwambia apite. Akaniangalia mimi. Akaangalia picha. Akaniangalia tena.

"Na huyu mwenzenu yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Wewe ni dada yake?"

"Dada, ni mimi."

Akaniacha nimesimama pale mlangoni, akaingia ndani. Nilisikia mtu anacheka. Kisha dairekta mwenyewe akatoka, mtu mnene, mpole, miwani imesukumwa kichwani. Akaniingiza, akazipanga picha zote tisa mezani mstari mmoja.

"Dada Veronika, tazama hapa. Unaona nini?"

Nikatazama. Ndipo nikaona kwa mara ya kwanza. Watu tisa, koti moja. Kola moja, mkunjo mmoja begani, kifungo kimoja kimelegea. Vichwa tu ndivyo vimebadilishwa, na vyote vimekunja uso kama vimeshitakiwa.

Dairekta akasema, "Mimi nilidhani ni hili koti linaomba kazi."

Rehema akaangua kicheko. Mimi pia nikacheka, kovu likavuta mdomo kama kawaida yake, na nikaona dairekta ameacha kucheka. Ananitazama.

"Hilo ulilipata wapi?"

Nikamweleza mashine, kipande cha mti, zahanati.

Akaniambia ukweli bila kunizungusha. Bi harusi siwezi kuwa, na ile nafasi akampa Rehema pale pale. Nasema mbele yenu wote: alistahili. Lakini nafasi ya mke anayeshuka mlimani kumtafuta mumewe, Kondo, ndiyo kubwa kuliko zote, ilikuwa bado. Walikuwa na dada mmoja wa Dar wanayemfikiria. Wanaoamua ni wenye mchezo, wanaotoa pesa, na wao hawamwoni mtu, wanaona picha. Wanakaa Jumatatu.

"Mimi nikiwapelekea hii," akagonga picha yangu kwa kidole, "wataniuliza huyu mtoto mzuri anamtafuta mume wa nini. Niletee picha ya mtu aliyesimama mbele yangu. Jumatatu asubuhi."

Ilikuwa Ijumaa.

Naona mkuu mmoja hapo chini ameuliza kwa nini sikupiga hiyo picha huko huko Dar kuliko kurudi. Swali zuri. Nilijaribu. Niliingia studio ya kwanza niliyoiona. Kabla sijamaliza kusema nataka nini, fundi ameshanivalisha koti. Lake lilikuwa la kijivu.

Nikavua, nikashukuru, nikarudi Morogoro.

Jumamosi asubuhi nipo mlangoni kwa Mzee Mwinjuma kabla hajafungua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Umekuja kuongeza nakala?"

Nikatoa picha nikaiweka mezani. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, mimi nikiwa na hofu maneno yananikimbia. Alichokisikia yeye ni kwamba Dar wamekataa kazi yake.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mzee. Umenipendezesha kupita kiasi."

"Kupita kiasi." Akalirudia hilo neno kama amepewa kitu kichungu. "Watu wanaingia hapa ili watoke wazuri kuliko walivyoingia. Mama zao wanafurahi, wachumba wanapatikana. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita. Leo nikuache na shavu hilo, picha iende Dar na mhuri wangu nyuma? Watasema Mwinjuma amepofuka."

Wakuu, na yeye alikuwa na haki. Mtu ana ufundi wake, unamwambia auweke chini, tena wewe ambaye wiki mbili zilizopita ulimpigia magoti kwa kumshukuru. Nilisimama pale najiona mnafiki. Nikawaza nirudi zangu mlimani, Yasinta nimwombe tulime wote.

Lakini nikashindwa kuondoka. Na kwa kuwa nilishashindwa kueleza, nikafanya kitu pekee ninachokijua.

Nilitoka nje ya mlango, nikajifunga khanga kiunoni, nikabisha hodi. Mzee akashangaa.

"Baba, samahani," nikasema. "Namtafuta mtu anaitwa Kondo. Anafanya kazi humu."

"Kondo gani? Hapa ni studio."

"Mweusi, mrefu, ana mwanya. Aliniambia kiwanda cha nguo, geti la pili. Nimetembea tangu jana, baba. Nimemletea ndizi."

Sijui ni nini kilimwingia mzee. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo siyo yake, "Hapa hayupo, mama."

"Yupo. Labda zamu ya usiku. Mtazame kwenye kitabu."

"Mama, walipunguzwa. Siku nyingi."

"Siyo huyo. Kondo wangu anatuma salamu kila mwezi anasema kazi inaendelea vizuri. Mwite tu, baba. Mwambie mama Tatu yuko getini, hana hasira."

Nikamtazama Mzee Mwinjuma. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Baadaye sana aliniambia mdogo wake wa mwisho alikuwa kwenye zile karatasi za getini, na mpaka siku ile alikuwa hajajua alikokwenda.

Kisha akainua kamera yake na miguu yake mitatu, nzito ile, akaibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Pazia la bluu hakuligusa. Koti hakulitazama.

"Kaa hapo hapo kizingitini. Mwanga wa uchochoro unatosha."

Nikakaa wima, nikatoa masikio.

"Achana na masikio! Usiniangalie mimi. Mwangalie huyo mlinzi wa geti. Ameshakwambia hayupo. Bado humwamini."

Akapiga. Akapiga tena. Nadhani zilikuwa nne, daftari halisemi.

Akaingia chumba chake cha giza. Mimi nikakaa kwenye benchi la wateja, nimeshika magoti. Adhuhuri ikapita, akaenda kuswali, akarudi, akaingia tena. Alipotoka alikuwa na picha bado mbichi, ameishika kwa pembe, na penseli yake iko sikioni.

Nikaitazama nikataka kulia.

Nilikuwa mbaya, wakuu. Kovu limelala pale limejiachia. Chini ya macho kuna weusi wa safari ya Dar. Vumbi la Msamvu kwenye nywele. Nilijiambia hapa umejiua mwenyewe.

Na sasa naandika kitu ambacho sijawahi kukisema hadharani. Nilimwambia, "Mzee, nisamehe. Huwezi kulipunguza kidogo tu? Nusu yake."

Yaani mimi huyo huyo!

Mzee akaichukua penseli sikioni. Akaiweka mezani. Akaisukuma mbali.

"Sasa ni mimi ninayekataa," akasema. "Mkono unaniwasha, lakini nakataa. Huyu mama nikimgusa, mumewe hatamtambua."

Akageuza picha, akapiga mhuri wa studio yake, akanipa kalamu niandike. Jina. Umri. Urefu. Kwenye mambo ninayoweza nikaandika: kulia, kucheka, kubeba mzigo kichwani bila kushika, Kiswahili, Kiluguru. Nikafikiri kidogo nikaongeza: mashine za kufumia.

Jumatatu saa mbili kasoro niko pale ofisini Dar. Yule dada mkavu akaipokea. Akaangalia picha. Akaniangalia mimi. Safari hii hakurudia.

"Pita," akasema.

Dairekta aliitazama, akatoka nayo mbio kama mtu aliyeshika kaa la moto. Nilingoja mpaka saa nane. Aliporudi alikuwa mikono mitupu.

"Picha wameing'ang'ania," akasema. "Wamesema wanamtaka huyu huyu, na nisithubutu kumpaka poda."

Nilimshukuru. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya jengo, nikaruka. Kweli niliruka, mtu mzima, mpaka kiatu kikatoka.

Tulianza kupiga mchezo mwezi wa kumi. Siku ya kwanza ni Bigwa, njia ya kupanda mlimani, nashuka na mkungu kichwani. Siku ya tatu ni stesheni ya Kingolwira, mke anadhani mume atashuka kwenye treni. Siku ya nne ndiyo geti la kiwanda. Tulilitengeneza geti letu kwenye ghala moja la mjini, Damiani akiwa ndiye mlinzi.

Na siku hiyo ndiyo mjomba alishuka.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha mlimani. Alikuja kunipa neno la mwisho la shamba, kama alivyoahidi. Nyumbani wakamwelekeza ghalani. Hakuna aliyemwambia kuna nini.

Mjomba akafika wakati mimi nipo getini, nalia, namwomba mlinzi aangalie kwenye kitabu, na Damiani ananisukuma kwa mkono, "Toka hapa mama, toka!"

Kamera inakwenda. Kimya. Mara nasikia nyuma yangu:

"Wewe! Unamsukuma mtoto wa dada yangu unamjua ni nani?"

Akapita katikati ya watu, fimbo juu. Damiani akakimbilia ndani ya geti akafunga. Geti lenyewe la mbao nyembamba, likaanguka. Dairekta anapiga kelele, "Kata! Kata! Huyu mzee ni nani?"

"Ni mjomba wangu," nikasema, machozi yanatiririka na kicheko kimenishika.

Ilituchukua muda kumtuliza. Damiani aliamkia kutoka mbali mara tatu kabla hajaitikiwa. Mjomba akaelezwa, akapewa kiti pembeni ya kamera, akakalishwa kimya. Akaniona nasimama mahali pale pale, nakunja uso, naanza upya. Nalia upya. Wanasema kata, napanguswa, naanza upya. Mara taa, mara mbwa kapita, mara Damiani kasahau neno. Tangu asubuhi mpaka jua linazama nyuma ya mlima, jambo moja lile lile, na kila mara ilibidi niwe sijawahi kusikia kwamba Kondo hayupo.

Jioni alikuja nilipokaa. Nilikuwa sina nguvu hata za kuvua khanga. Nikajua ndiyo habari ya shamba.

Akanitazama sana. Mjomba siyo mtu wa maneno.

"Umelia mara saba," akasema. "Nimehesabu. Mara zote saba nilitaka kumpiga yule kijana, na nilishaambiwa ni uongo."

Akaiweka fimbo chini.

"Jembe siku nzima sijawahi kumwona mtu akilishika hivyo. Shamba nampa Yasinta. Wewe una kazi."

Akachukua fimbo yake, akaenda kumsaidia Damiani kusimamisha geti.

Wakuu, nimefanya hii kazi mpaka leo nywele nyeupe. Matangazo ya sabuni, ambapo nilikuwa mama mwenye nguo chafu. Redio. Michezo ya afya kwenye mashamba ya miwa, tunaigiza juu ya trela la trekta. Mama mkwe nimekuwa mara nyingi mpaka wakwe za watu wananichukia barabarani. Kuna miaka ilikuwa kavu na nilikwenda kulima kwa Yasinta kama kibarua, hilo silifichi. Bi harusi sijawahi kuwa hata mara moja.

Kila baada ya miaka miwili nilipiga picha mpya, kwa Mzee Mwinjuma mpaka alipofunga studio. Siyo kwa urembo. Uso unakwenda, na picha lazima iufuate.

Sasa kwa yule binti aliyeuliza. Ndiyo mwanangu, headshot unaihitaji. Ila siyo ile uliyoiweka kwenye ukurasa wako. Nimeiona, umepakwa filta mpaka pua imebaki matundu mawili. Sikusemi. Mimi nilipakwa kwa penseli na nilifurahi kuliko wewe. Nakwambia tu kilichonifika mlangoni: ile picha nzuri iliniita kwa kazi ya mtu mwingine, na huyo mtu alipotakiwa sikuwa naye.

Mpelekee mtu sura utakayoamka nayo siku ya kazi. Kama ina alama, iache iseme. Kuna mchezo mahali fulani unautafuta uso huo huo, na wenye nyuso safi hawawezi kuuchukua.

Inawezekana nakosea. Mimi ni wa enzi za filamu na chumba cha giza, na wapo waigizaji wakubwa waliopita kwa picha zilizopambwa na wakafanya vizuri tu. Kama wewe ni mmoja wao, au ni mpiga picha unayeona nimemwonea Mzee Mwinjuma popote, andika hapo chini unisahihishe. Nitasoma yote, na mazuri nitayanakili kwenye daftari.